Chagua kiatu kabla ya kuuchagua mlima

LIKIZO inapokaribia, vijana wengi wa mjini, na siku hizi hata baba, mama na watoto wao, huanza kupanga safari ya kutembea kwa miguu. Badala ya kukimbilia Mombasa, wengine huelekea Ukambani. Wapo wanaokwenda jiwe la Nzambani karibu na mji wa Kitui, mlima Nzaui na vilima vya Mbooni huko Makueni, au safu ya Chyulu iliyo juu ya Kibwezi. Nchi hii si ngeni kwa msafiri wa miguu. Katika karne ya 19 misafara ya Wakamba ilitoka huku na pembe za ndovu ikatembea hadi pwani.

Watu hutafuta hema, sufuria na kofia majuma mawili kabla ya safari. Kiatu hukumbukwa jioni ya mwisho, na hapo ndipo balaa huanzia.

Ukipata lengelenge kisiginoni ukiwa Nairobi, utapanda matatu urudi nyumbani. Ukilipata siku ya pili ya safari, saa kadhaa kutoka barabara ya gari, mambo ni mengine. Mwendo wa kundi zima hupungua na maji mliyoyapimia siku mbili hulazimika kutosha siku tatu. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, na uchungu wa kiatu kinachobana aujuaye ni mvaaji. Lakini mlimani uchungu huo huwa wa kundi lote.

Ijue ardhi kwanza

Wengi hununua buti baada ya kuona picha za milima ya Ulaya. Huko kuna theluji na matope baridi. Kitui na Makueni ni jua, changarawe, miiba na mchanga wa mito iliyokauka. Buti zito lenye utando wa kuzuia maji litaupika mguu wako. Jasho hukosa njia ya kutoka upesi, soksi hulowa, na ngozi iliyolowa ndiyo huchubuka haraka. Tena maji yakiingia kwa juu, buti hilo huchelewa kukauka.

Usikimbilie raba za kitambaa chenye matundu, kwani zinapopitisha hewa hupitisha pia miiba ya migunga. Kwa nchi hii, linalofaa wengi ni buti jepesi la ngozi au kitambaa kizito, lisilo na utando, linalofunika kifundo cha mguu. Ngozi humpa mtu nafuu dhidi ya miiba, ingawa si kinga ya nyoka. Bafe hulala kimya njiani, kwa hiyo tazama unapokanyaga.

Uzito wa mzigo nao una maneno yake. Chukua mfano wa Chyulu, mbuga ya taifa tangu 1983. Vilima hivi vilitokana na volkano, na mara ya mwisho zililipuka karibu mwaka wa 1856. Mvua hunyesha huko juu, lakini mwamba wake una vinyweleo na huyanywa maji yote, ndiyo maana huwezi kutegemea kijito njiani. (Maji hayo hutokea mbali, kwenye chemchemi za Mzima.) Lazima ubebe yako. Lita moja ni kilo moja. Ukipanga lita nne kwa siku, kwa siku mbili umeshabeba kilo nane kabla ya chakula na blanketi. Mzigo wa namna hiyo juu ya mawe makali unadai soli nene na ngumu. Kumbuka pia kwamba Chyulu kuna nyati na ndovu, hivyo usiingie bila ruhusa ya KWS na mtu wa kukuongoza.

Tukitaja soli, inafaa kujua zilikotoka hizi zenye meno. Mwaka 1935 wapanda milima sita walikufa katika milima ya Alps huko Italia, na viatu vyao duni vikalaumiwa. Rafiki yao Vitale Bramani akashirikiana na kampuni ya magurudumu ya Pirelli kutengeneza soli ya mpira inayoshika mwamba. Mafundi wetu wa akala, wanaokata viatu kutoka kwa gurudumu kuukuu, wanaijua siri hiyo hiyo ya mpira.

Ukiwa dukani

Nenda jioni, kwa sababu mguu huvimba kidogo mchana kutwa, kama utakavyovimba safarini. Beba soksi utakazovaa, za sufu au nailoni, si za pamba ambazo hushika jasho. Pima miguu yote miwili, kwani mara nyingi mmoja huwa mkubwa, kisha nunua kwa kipimo cha huo mkubwa.

Kabla ya kufunga kamba, sukuma mguu hadi mbele. Kidole kimoja cha mkono kinapaswa kuingia nyuma ya kisigino. Halafu funga kamba na utembee. Kisigino kisiinuke. Sasa tafuta ngazi na ushuke. Vidole vikigonga mbele hapo dukani, ukishuka Nzaui kucha zitageuka nyeusi. Mwisho, likunje buti kwa mikono. Likubali kukunjika penye vidole, si katikati ya wayo.

Na mitumba je?

Mwanafunzi mwenye pesa kidogo asione haya kwenda Gikomba. Hupatikana mabuti mazuri ajabu huko. Lakini usione ving'aavyo ukadhani ni dhahabu. Tabaka laini lililo kati ya soli na ngozi mara nyingi hutengenezwa kwa sponji ambayo huozeshwa na unyevu wa hewa kadiri miaka inavyopita, hata kama buti halikuvaliwa. Nje huonekana jipya, lakini siku ya kwanza ya mzigo soli hubanduka. Libonyeze tabaka hilo kwa kidole gumba. Likiwa na nyufa au likimeguka kama mkate mkavu, lirudishe. Angalia pia kama kisigino kimelika upande mmoja, kwa maana buti hilo limeshazoea mwendo wa mtu mwingine.

Lizoeshe mapema

Hata buti la bei ghali halifai kuanza kuvaliwa siku ya safari. Wiki ya kwanza livae nyumbani na kwenda sokoni. Wiki ya pili panda nalo kilima cha karibu ukiwa na mzigo mgongoni. Kata kucha siku chache kabla ya kuondoka. Njiani, ukihisi joto mahali pamoja, simama papo hapo ubandike plasta. Usione aibu kuwachelewesha wenzako dakika tano, kwani ukinyamaza utawachelewesha siku nzima.

Kwa hiyo mzazi, mtoto wako akija kuomba fedha za safari, muulize kwanza atavaa nini miguuni na amekivaa kwa muda gani. Akisema atanunua kesho asubuhi kabla basi halijaondoka, mwambie safari iahirishwe wiki mbili. Nzambani halitahama.