Sonona ina tiba, na ushahidi uko ng'ambo ya ziwa letu

Ukishikwa na homa hukawii kwenda kupima malaria. Lakini mtu aliyefiwa, akakosa usingizi na hamu ya chakula, akaacha shughuli zake na hata swala akaiona nzito, mara nyingi huambiwa ana imani haba au ana jini. Miezi inapita yumo ndani. Hayo ni maradhi, yanaitwa sonona, na yanatibika. Leo tuitazame tiba moja isiyo na kidonge wala sindano.

Ilikoanzia

Tiba hii ilianza Marekani mwishoni mwa miaka ya 1960. Daktari Gerald Klerman na mtafiti Myrna Weissman walizingatia kuwa sonona mara nyingi huandamana na jambo lililoharibika baina ya mtu na watu wake: msiba, ugomvi, mabadiliko ya maisha au upweke. Wakaandaa mazungumzo ya kumfundisha mgonjwa stadi za kulikabili jambo hilo.

Ilivyofika kwetu

Wilaya ya Rakai nchini Uganda inapakana na jirani zetu wa Kagera. Kuanzia miaka ya 1980, Ukimwi uliua watu wengi huko. Watafiti walipowauliza wanavijiji wa Rakai na Masaka kuhusu athari zake, walitajiwa kwa Kiganda hali mbili: kujichukia na kujihurumia. Dalili zake zilifanana na za sonona.

Madaktari walikuwa wachache na dawa ghali. Hivyo mwaka 2002, katika vijiji 30, baadhi vilipewa tiba hii kwa vikundi na vingine havikupewa. Wanaume walikaa kivyao na wanawake kivyao, dakika 90 kila wiki, kwa wiki 16. Viongozi wa vikundi hawakuwa madaktari, bali watu wa huko huko waliofunzwa kwa wiki mbili.

Matokeo yalitangazwa mwaka 2003. Baada ya tiba, waliobaki na sonona katika vikundi walikuwa asilimia 6.5. Kwa wasiopata tiba, walikuwa asilimia 54.7. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa tiba hii.

Hufundishwa nini?

Kila mmoja hueleza wiki yake ilivyokwenda na kilichompandisha au kumshusha moyo. Wenzake humsaidia kutafuta njia: aombe msaada kwa nani, azungumzeje na mume au mkwe bila kuvunja heshima. Hujizoeza pale pale, kisha huenda kujaribu nyumbani na kurudi na majibu. Aliyefiwa hupewa nafasi ya kulia na kumkumbuka marehemu, bila kulazimishwa kumsema vibaya, adabu ambayo nasi tumefunzwa.

Wewe ufanye nini?

Ukiona nduguyo ana huzuni kwa wiki mbili au zaidi, halali, hali, hana raha na chochote, usimkemee. Msikilize, kisha mfikishe kituo cha afya. Hapa Mwanza, hospitali ya Bugando ina huduma ya magonjwa ya akili. Akitamka kwamba anataka kufa, usimwache peke yake, mpeleke siku hiyo hiyo. Na aliyeandikiwa dawa asiziache bila kumuuliza tabibu.

Kumwombea dua na kumpeleka kutibiwa, vifanyike vyote viwili.