Adamu Alifika Lini Thebes?

Muhula uliopita niliandika insha ya semina juu ya Mfalme Oedipus, tamthilia ya Sophocles. Hoja yangu ilikuwa kwamba Oedipus ni kiumbe aliyemwasi Muumba wake akaadhibiwa. Mwalimu aliirudisha na swali moja pembeni, kwa wino mwekundu: "Huyu Adamu alifika lini Thebes?" Nilikuwa nimejaza neno "binadamu" kila ukurasa. Wenzangu walicheka, nami nikacheka kwa aibu. Lakini jamani, swali lile ni zito.

Hebu tuanze na maneno yetu wenyewe. Binadamu ni mwana wa Adamu. Kiumbe ni kilichoumbwa. Ukilitamka tu, umekwisha kukubali kwamba yuko aliyeumba. Mja, tuliyemzoea katika ushairi, ni mtumwa wa Mungu. Maneno yote matatu yamebeba imani ndani yake. Si kosa, maana ndivyo lugha yetu ilivyokua. Taabu inaanza tunapowavisha Wagiriki wa kale maneno hayo bila kufikiri.

Wagiriki walikuwa na neno zoon, litokanalo na kitenzi zao, yaani kuishi. Zoon ni chochote chenye uhai: simba, mtu, hata ulimwengu mzima, kama Plato anavyouita katika Timaeus. Ndugu yake wa maana ni hayawani, neno tulilopata kwa Waarabu, ambalo shina lake ni lile lile la "hai". Kwetu hayawani limekuwa tusi, lakini wanafalsafa wa Kiarabu walimweleza mtu kuwa ni hayawani mwenye kunena, na hawakumtukana. Kwa hiyo Aristotle anaposema mtu ni zoon politikon, tukitafsiri "mnyama wa kisiasa" tunapotoka mara mbili. Anasema mtu ni chenye uhai ambacho maumbile yake ni kuishi katika polis, yaani mji na jumuiya yake.

Viumbe wengine (neno limenitoka tena!) waliitwa kwa mwendo au matumizi yao. Herpeton ni kitambaacho. Probaton ni kiendacho mbele, jina la mifugo ambalo baadaye likabaki zaidi kwa kondoo. Ktenos, mnyama wa kufugwa, latokana na kitenzi cha kujipatia mali.

Na mtu je? Asili ya anthropos bado inabishaniwa. Katika Cratylus, Socrates anadai kwamba maana yake ni yule achunguzaye alichokiona, lakini wanaisimu hawakubali. Neno lenye asili iliyo wazi zaidi ni brotos, la washairi. Shina lake ni la kufa, sawa na mors ya Kilatini, yaani kifo. Zamani lilianza kwa m, ambayo ilidondoka mwanzoni lakini ikabaki katikati ya ambrotos, "asiyekufa". Ndiyo maana chakula cha miungu kinaitwa ambrosia. Basi mtu ni yule afaye, na mungu ni yule asiyekufa. Mpaka wao ni kaburi.

Sasa turudi Thebes. Oedipus akishajitambua, korasi inaanza wimbo wake kwa kuviita vizazi vya brotoi. Haisemi watoto wa Adamu wala waja. Inawalilia wenye kufa, ambao heri yao haidumu. Dhambi ya uasi niliyoiona mimi ilitoka katika msamiati wangu, haikutoka katika tamthilia.

Mwenzangu mmoja alinipinga: eti tafsiri lazima ivae kanzu ya wenyeji. Nakubali, mfasiri ana ruhusa hiyo jukwaani. Mhakiki hana. Akisoma "binadamu" katika tafsiri, ni wajibu wake kuuliza chini yake kuna neno gani, kabla hajajenga hoja juu yake.

Insha nimeiandika upya. Safari hii nimetumia "mtu", na pale penye uzito, "wenye kufa". Adamu nimemwacha nyumbani.