Ufugaji wa Kuku wa Kienyeji (2): Banda na Hewa Yake

Katika kaya nyingi za wakulima wadogo wa Tanzania, kuanzia Singida, mkoa uliojipatia jina kwa kuku wake wa kienyeji, hadi vijiji vya pwani, kuku hulala jikoni au katika kizimba, yaani kibanda kidogo cha fito na udongo kilichozibwa pande zote na kuachiwa tundu moja la kupitia. Kizimba cha aina hiyo hujengwa kwa kumhofia mwizi, kicheche na nguchiro, na hofu hiyo ina msingi. Lakini mjenzi anayewafikiria maadui wa nje peke yao humfungia kuku pamoja na maadui wa ndani, ambao ni unyevu, hewa chafu na wadudu.

Kuku hatoi jasho. Joto la mwili wake, takriban nyuzi 41 za Selsiasi, hupunguzwa kwa kuhema mdomo ukiwa wazi na kwa kutanua mbawa, na kila pumzi hutoa mvuke ambao, ukikosa pa kutokea, hulowesha matandazo, yaani maranda au pumba za mpunga zinazomwagwa sakafuni. Matandazo yakilowa, bakteria huivunja asidi ya yuriki iliyomo katika kinyesi na kuzalisha amonia, gesi yenye harufu kali inayowasha macho na kuumiza njia ya hewa, hata kuku akawa mwepesi wa kushikwa na mafua. Kuipima hakuhitaji chombo: mtu achuchumae ndani mara tu mlango unapofunguliwa alfajiri, pua yake ikiwa usawa wa kuku, na macho yakimchonyota, banda hilo halifai.

Kwa sababu hiyo urefu wa banda uelekezwe mashariki na magharibi, ili jua la asubuhi na la jioni lipige kuta fupi tu, na kuta ndefu zijengwe kwa tofali au udongo hadi kimo cha kiuno, kisha uwekwe wavu wa chuma hadi kwenye paa. Wavu wenye matundu makubwa humzuia kuku kutoka bila kumzuia nyoka kuingia. Matundu ya sentimita moja na robo ni salama zaidi, ingawa bei yake ni kubwa. Katika nyanda za baridi kama Njombe, mapazia ya viroba huinuliwa usiku kutoka chini, na sehemu ya juu huachwa wazi, kwa kuwa hewa yenye joto na mvuke hupanda. Mita moja ya mraba huwatosha kuku wakubwa 5 wanaoshinda nje, na hakuna sababu ya kaya kukopa fedha za saruji kwa ajili ya kuku 15.

Kuku hupenda kulala juu, hivyo wawekewe fito za mviringo zenye unene wa sentimita 4 hadi 5, kila mmoja akipata nafasi ya sentimita 15 hadi 20, na fito zote ziwe kimo kimoja, la sivyo kila jioni watagombea ile ya juu. Fito zisiguse ukuta wa udongo, kwa maana nyufa zake ni maficho ya papasi, jamii ya kupe anayejificha mchana na kunyonya damu usiku, kiasi kwamba mfugaji anayekagua kuku wake mchana haoni kitu huku kuku wakizidi kukonda na panga zao kupauka. Nyufa hizo zizibwe kila mwaka kabla ya mvua, kisha ukuta upakwe chokaa.

Hata hivyo, banda zuri halizuii mdondo, ambao wengine huuita kideri, ugonjwa wa virusi unaoweza kumaliza kuku wote wa kijiji kwa siku chache. Kinga yake ya kutegemewa ni chanjo, na sehemu ijayo itaeleza chanjo ya I-2, inayowekwa tone moja jichoni na kurudiwa kila baada ya miezi 3.