Neville Chittick: Mwingereza Aliyechunguza Unguja Ukuu na Ugomvi Aliotuachia

Kila ukizuka mjadala wa asili ya Waswahili kwenye makundi yetu ya WhatsApp, iwe ya London, Muscat au Toronto, haupiti muda atatokea mtu aseme kwamba wataalamu wameshamaliza kazi. Mmoja atashikilia kuwa miji yetu ya kale ilijengwa na Washirazi waliokuja na majahazi. Mwingine atajibu kuwa Washirazi ni hadithi tupu, hawakuwapo. Wote wawili, mara nyingi bila kujua, wanavutana juu ya kazi ya mtu mmoja aliyefariki 1984: mwanaakiolojia Neville Chittick.

Sisi wenye asili ya Tunguu, kisiwani Unguja, tuna sababu ya kumjua. Barabara ya kusini inayopita kwetu ndiyo inayokufikisha Unguja Ukuu, mojawapo ya bandari kongwe kabisa zinazojulikana katika pwani yote ya Afrika Mashariki. Chittick ni miongoni mwa watu wa mwanzo kuichunguza kitaalamu.

Alitokea wapi?

Kabla ya kufika kwetu, Chittick alifanya kazi Sudan, katika idara ya mambo ya kale. Huko, pamoja na mwanaakiolojia mwenzake Peter Shinnie, alichimba Ghazali, makao ya watawa wa Kikristo wa Nubia, si mbali na Mto Nile. Mwaka 1957 akaja Tanganyika kuwa mhifadhi wa kwanza wa mambo ya kale. Baadaye akashika uongozi wa taasisi ya Waingereza ya historia na akiolojia ya Afrika Mashariki, iliyoanzia Dar es Salaam kisha ikahamia Nairobi, na akaiongoza kwa zaidi ya miaka 20. Jarida la *Azania*, ambalo watafiti wa pwani wanalitumia hadi leo, lilianza 1966 chini ya mkono wake.

Kazi iliyompa jina ni Kilwa Kisiwani. Huko alifukua Husuni Kubwa, jumba lenye vyumba zaidi ya 100 na birika la kuogea lenye pembe nane, akalihusisha na Sultani al-Hasan bin Sulaiman, yule aliyemkaribisha msafiri Ibn Battuta mwaka 1331. Kitabu chake cha Kilwa kilitoka 1974, juzuu mbili nzito.

Alisema nini hasa?

Hapa ndipo wengi wanapomsingizia. Tarikh ya Kilwa inasimulia kwamba mtoto wa mfalme wa Shiraz alikuja na kukinunua kisiwa kwa nguo, na masimulizi hayo yanaturudisha karne ya 10. Chittick hakuyameza mazima. Alizitazama sarafu za Ali bin al-Hasan, anayehesabiwa mtawala wa kwanza wa nasaba hiyo ya Shiraz, na matabaka ya udongo zilimopatikana, akaona kwamba utawala wa nasaba hiyo ulianza karibu na mwaka 1200. Tena akasema waliouanzisha hawakutoka Uajemi moja kwa moja, bali walishuka kutoka pwani ya Banadir, Somalia ya leo. Hoja hiyo aliichapisha 1965, na wapenzi wa nasaba za Shiraz hawakuifurahia.

Lakini juu ya jambo kubwa zaidi hakuyumba. Kwa Chittick, mji wa mawe pwani yetu ulikuwa zao la wageni. Alipochimba Manda, karibu na Lamu, na kukuta kuta kubwa za matumbawe pamoja na vyombo vya Ghuba vya karne ya 9, aliona kazi ya watu wa Siraf, bandari ya Uajemi. Mwafrika katika picha hiyo yupo, ila amesimama pembeni.

Unguja Ukuu, wakati mbaya wa kuuliza

Makala yake kuhusu Unguja Ukuu ilitoka katika toleo la kwanza la *Azania*, 1966. Ndani yake aliandika juu ya vyombo vya kigeni vya zamani kabisa vilivyookotwa pale, na juu ya dinari ya dhahabu ya zama za makhalifa wa Bani Abbas iliyopatikana hapo muda mrefu kabla yake.

Angalia mwaka. Mapinduzi ya Zanzibar yalikuwa na miaka miwili tu. Chama kilichotawala kilikuwa Afro-Shirazi, kilichozaliwa 1957 kwa kuwaunganisha watu wa Jumuiya ya Waafrika na wa Jumuiya ya Washirazi. Nani mwenyeji na nani mgeni halikuwa swali la makumbusho, kwani watu walikuwa wamekwisha kuuawa na kufukuzwa kwa jibu lake. Katika hali hiyo, kipande cha chombo kutoka Basra au Siraf kikiandikwa na Mwingereza kuwa ndicho cha kutazamwa kwanza hakiwezi kubaki kipande cha chombo tu.

Walimpinga kwa lipi?

Kasoro ya Chittick ilikuwa mahali alipoelekeza macho. Alifuata mawe: misikiti, majumba, kuta, na vyombo vya kung'aa vya kigeni vinavyosaidia kukadiria tarehe. Nyumba za miti na udongo, ambamo watu wengi wa miji hiyo waliishi, hazikupata uzito huo.

Mwanaakiolojia Mark Horton alipochimba Shanga, kisiwani Pate, kuanzia 1980, alishuka chini ya msikiti wa mawe. Akakuta misikiti midogo ya miti iliyotangulia, mmoja juu ya mwingine, hadi karne ya 8. Mji ulikuwa umekua polepole mahali pale pale. Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam akavifuatilia vyungu vya kienyeji vyenye michoro ya pembetatu, akaonyesha kwamba vinaenea pwani na bara, jambo linaloiunganisha miji hii na wakulima na wahunzi wa Afrika. Na Unguja Ukuu penyewe, Mzanzibari Abdurahman Juma alifanya uchimbaji wa kina na kutoa tasnifu yake Uppsala, Sweden, mwaka 2004. Picha iliyojitokeza ni ya mji uliokuwa na uhai kabla ya Uislamu kushika mizizi, na vyombo vingi vilivyotumika ndani yake vilifinyangwa hapa hapa.

Kisha 2023 ukaja uchunguzi wa DNA ya watu 80 wa kale wa pwani na jirani zake, wakiwamo wa Mtwapa, Manda na Kilwa. Ulionyesha kuwa Waajemi walikuja kweli, wengi wao wanaume, wakachanganyika na wanawake wa Kiafrika kuanzia karibu na mwaka 1000. Kwa hiyo anayesema Washirazi ni uongo mtupu amekosea. Anayesema wao ndio walioanzisha kila kitu naye amekosea, maana Unguja Ukuu na Shanga zilikuwapo karne kadhaa kabla ya mchanganyiko huo.

Tumweke fungu gani?

Wapo wanaomtia Chittick kapu moja na watu kama Giovanni Belzoni, Mtaliano aliyekuwa akionyesha nguvu zake kwenye sarakasi, ambaye 1816 aliliburuta sanamu la Ramesses II kutoka Luxor likaishia London. Nadhani hilo si haki. Belzoni alipopita, mahali palibaki na pengo. Chittick alipima, akachora, akaandika kila tabaka, akachapisha. Waliompinga walimpinga kwa kutumia maandishi yake mwenyewe, na hakuna sifa kubwa zaidi ya hiyo kwa mchimbaji.

Deni lake liko kwingine, na hakulikopa peke yake. Juzuu za Kilwa ni za Kiingereza. Ripoti ya Shanga ni ya Kiingereza. Tasnifu ya Juma, iliyoandikwa na mtu wa kwetu kuhusu mji wa kwetu, nayo ni ya Kiingereza. Wakulima wa Unguja Ukuu wanaolima juu ya vigae vya mji huo wa kale hupata hitimisho la watu wengine, lakini ushahidi wenyewe hawauoni, na asiyeuona ushahidi hubaki kuchagua upande. Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar kipo Tunguu, na Kiswahili kinafundishwa humo hata kwa wageni. Kuzitafsiri ripoti za Unguja Ukuu pekee hakuhitaji mfadhili mkubwa. Jumuiya zetu za nje, zinazochangia visima na madawati kila mwaka, zinaweza kuianza kazi hiyo.