Fahamu: Kwa nini vali bandia ya moyo hujaribiwa ndani ya kompyuta
Moyo wa mtu mzima hudunda takriban mara 100,000 kwa siku. Vali bandia ya kaboni ngumu huvumilia kazi hiyo kwa miaka mingi. Inayoteseka ni damu. Inapopenya kwa kasi kwenye mianya myembamba ya bawaba za vali, chembe sahani, zinazosaidia damu kuganda, hujeruhiwa, na pale inapotuama huganda. Ndiyo maana mwenye vali hiyo humeza warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, maisha yake yote na kupimwa damu mara kwa mara. Kwa anayeishi mbali na maabara, huo si mzigo mdogo.

Mianya hiyo ni midogo mno kuchunguzwa ndani ya moyo unaopiga. Basi wahandisi huigawa nafasi inamopita damu katika vijisanduku vingi, kisha kompyuta hukokotoa kasi na shinikizo la damu katika kila kimoja. Kigumu ni hiki: damu husukuma kilango cha vali, nacho kikisogea hubadili njia ya damu. Mwaka 1972 Mmarekani Charles Peskin alichapisha mbinu ya kukokotoa vyote viwili kwa pamoja, na mpaka leo inatumika. Vidonge vya warfarini havijaondoka, ila mbunifu huona kona ya kurekebisha kabla hajachonga chochote.