Asiyekubali kushindwa si mshindani: mieleka ya shule na malezi ya vijana wetu

Na Mwandishi Wetu, Umbilo, Durban

Ukitembea Barabara ya Umbilo jioni, hapa Durban, Kiswahili unakisikia kila baada ya hatua chache. Kipo cha Bukavu na Uvira, kipo cha Bujumbura, na mara nyingine cha Kigoma na Dar es Salaam. Baba analinda magari, mama anasuka nywele saluni, na wote wawili hurudi nyumbani giza limeingia. Watoto wametoka shule tangu mchana. Katika saa hizo za katikati, kijana analelewa na yeyote atakayemwahi.

Hofu ya wazazi ina sababu. Kuelekea katikati ya jiji ipo bustani ya Albert Park. Katika miaka ya mwanzo ya 2010 watu waliiita "Whoonga Park", kwa jina la dawa ya kulevya yenye heroini ambayo vijana walikuwa wakiivuta pale mchana kweupe. Wasomaji wa Mombasa na Dar es Salaam hawatahitaji kuelezwa zaidi, maana jina hilo haliko mbali na "unga" wetu.

Kwa hiyo mzazi anayeuliza mwanawe acheze mchezo gani baada ya masomo haulizi jambo la anasa. Makala hii inahusu mchezo mmoja, yaani mieleka, pamoja na ndugu yake judo. Swali ni hili: je, ni kweli kwamba mchezo huu hujenga tabia ya kijana? Jibu langu ni ndiyo, lakini kwa sharti. Mkeka peke yake haulei mtu. Anayelea ni kocha.

Si ile ya televisheni

Kwanza tuondoe utata. Mzazi wa Kikongo akisikia neno mieleka humkumbuka Edingwe na "catch" ya Kinshasa, ambako mpiganaji huingia ulingoni na hirizi, ngoma na vituko vya kila aina. Kijana wake anafikiria WWE ya Marekani. Hayo yote ni maonyesho, na watu hulipa kiingilio wakacheke na kushangaa.

Mieleka ya shule na ya Olimpiki haina ngumi wala mateke. Wawili wenye uzito unaokaribiana hukutana ndani ya duara lenye kipenyo cha mita 9, juu ya mkeka mnene wa sponji. Katika mtindo huru wa Olimpiki wanashindana kwa vipindi 2 vya dakika 3 kila kimoja. Ukimlaza mwenzako mabega yote mawili yakabanwa chini, mechi imekwisha hapo hapo. Judo, iliyoanzia Japani, huchezwa kwa koti zito la pamba, na ukimwangusha mwenzako chali kwa nguvu na kwa ufundi kamili, umeshinda.

Hapa Afrika Kusini mieleka ya wanafunzi haina ukubwa wa raga, kriketi wala soka. Kwa miaka mingi imekuwa na mizizi zaidi katika jamii ya Makaburu, ambao huiita "stoei". Lakini tusidhani ni mchezo wa wageni. Wasenegali wana "laamb" yao inayojaza viwanja, Wanuba wa Sudan wana mieleka yao baada ya mavuno, na Waganda wana "ekigwo". Na katika Michezo ya Francophonie iliyofanyika Kinshasa mwaka 2023, mieleka ya Kiafrika ilichezwa pamoja na mieleka ya mtindo huru.

Mkeka unafundisha nini?

Kuna mambo matatu ambayo mieleka humfundisha kijana mapema kuliko michezo mingine mingi.

La kwanza ni kusimama peke yake. Katika soka ukizidiwa unampasia mwenzako. Juu ya mkeka hakuna wa kumpasia, na timu yote inakutazama. Kijana aliyezoea kusingizia wengine hukosa wa kumsingizia.

La pili ni kwamba kila umbo lina nafasi yake. Mchezo unagawa watu kwa uzito. Mtoto mwembamba ambaye kocha wa raga hamtazami mara mbili, hapa anakutana na mwembamba mwenzake. Kwa mtoto wa mkimbizi, ambaye shuleni anachekwa kwa lafudhi yake na kwa jina lake, si jambo dogo kuambiwa kuwa ipo sehemu ambayo mwili wake na akili yake vinatosha.

La tatu ndilo zito zaidi. Mechi ikiisha, mwamuzi husimama katikati, akawashika wachezaji wote wawili mikono. Kisha huuinua mkono wa mshindi. Aliyeshindwa haruhusiwi kukimbia. Anasimama pale pale, mkono wake umeshikwa, watu wanatazama, halafu anampa mwenzake mkono. Wahenga walisema asiyekubali kushindwa si mshindani. Mieleka humfanya kijana aiishi methali hiyo mara kumi kwa msimu mmoja.

Hata hivyo, kushindwa kunaweza kumjenga mtu na kunaweza kumvunja. Hapo ndipo tunapofika kwa watoto wawili wa Bukavu.

Popole na Yolande

Popole Misenga alizaliwa Bukavu mwaka 1992, na Yolande Mabika alizaliwa huko huko mwaka 1987. Wote wawili walitenganishwa na familia zao na vita wakiwa wadogo. Popole alikuwa na miaka 9 alipokimbia mapigano, akakaa msituni siku 8 kabla ya kuokolewa na kupelekwa Kinshasa. Huko, katika vituo vya watoto waliopoteza makazi, kila mmoja wao aliujua mchezo wa judo. Popole amesema mara nyingi kwamba judo ilimpa utulivu na nidhamu wakati hakuwa na mzazi wa kumwelekeza.

Lakini judo hiyo hiyo ilikuwa na upande mwingine. Popole ameeleza hadharani kwamba aliposhindwa mechi, makocha wake walimfungia ndani ya kizimba kwa siku kadhaa, akipewa kahawa na mkate tu. Mwaka 2013 walipelekwa Rio de Janeiro, Brazil, kwa mashindano ya dunia. Wamesimulia kwamba waliachwa hotelini bila chakula na bila pasipoti. Wakatoroka, wakaomba hifadhi, na wakaanza maisha mapya katika mitaa ya watu maskini ya jiji hilo.

Baadaye walipokelewa na Instituto Reação, taasisi iliyoanzishwa na Flávio Canto, mwanajudo aliyewahi kupata medali ya Olimpiki. Kocha wao akawa mzee Geraldo Bernardes. Naye amesimulia kwamba mwanzoni walipigana kwa ukali uliopita kiasi, mpaka wenzao wa mazoezini wakaumia. Ilibidi awafundishe upya kwamba mwenzako wa mazoezi si adui, na kwamba kuanguka si hukumu ya kifungo.

Mwaka 2016 wote wawili waliingia katika Timu ya Wakimbizi ya Olimpiki, ya kwanza katika historia, iliyokuwa na wanamichezo 10, wakiwemo wakimbiaji 5 wa Sudan Kusini waliokuwa wakifanya mazoezi Kenya chini ya Tegla Loroupe. Yolande alitolewa katika mechi yake ya kwanza. Popole alimshinda Avtar Singh wa India, kisha akashindwa na Gwak Dong-han wa Korea Kusini, aliyekuwa bingwa wa dunia wa mwaka 2015 katika kilo 90. Uwanja mzima ulimshangilia Popole ingawa alikuwa ameshindwa. Hakuna aliyemfungia kizimbani. Mwaka 2021 alirudi tena katika Olimpiki ya Tokyo.

Mchezo ulikuwa ule ule, na watu walikuwa wale wale. Kilichobadilika ni kocha, na kwa hiyo kikabadilika alichojifunza kijana kila alipoanguka.

Tujifunze kutoka Marekani

Nchi inayojulikana sana kwa mieleka ya shule za sekondari ni Marekani, na jambo hilo linatugusa. Wakongo walikuwa kundi kubwa kuliko yote la wakimbizi waliopokelewa Marekani mwaka 2016 na katika miaka mingi iliyofuata. Wengi hapa Umbilo wana ndugu huko, na watoto wa ndugu hao wanakutana na mkeka wa mieleka shuleni.

Katika msimu wa 2023/24 wavulana waliocheza mieleka katika shule za sekondari za Marekani walikuwa karibu 290,000. Wasichana walipita 60,000, wakati mwaka 1994 hawakufikia hata 1,000. Kwa hiyo mama anayemwambia binti yake kuwa huu ni mchezo wa wanaume, ajue kwamba mieleka ya wanawake imo katika Olimpiki tangu mwaka 2004.

Wamarekani husifu sana mchezo huu kwa kujenga tabia, na wana haki. Lakini historia yao ina makovu pia.

Mwaka 1997, katika muda wa wiki tano hivi, wanamieleka 3 wa vyuo walifariki dunia. Walikuwa wakijinyima maji na kufanya mazoezi makali wakiwa wamevaa mavazi ya kuwatoa jasho, ili wapungue kilo kabla ya kupimwa. Baada ya hapo sheria zilibadilishwa. Tangu msimu wa 2006/07 shule za sekondari zinatakiwa kuhakikisha kwanza kwamba mwili wa mwanafunzi una maji ya kutosha, kisha kumpima mafuta ya mwili na kumwekea uzito wa chini asiouvuka. Haruhusiwi kupunguza zaidi ya asilimia 1.5 ya uzito wake kwa wiki.

Kovu la pili ni la aibu zaidi. Dennis Hastert, aliyekuwa Spika wa Bunge la Wawakilishi la Marekani kuanzia 1999 hadi 2007, kabla ya siasa alikuwa mwalimu na kocha wa mieleka katika shule ya Yorkville, jimboni Illinois. Wazazi walimwamini na mji ulimheshimu. Mwaka 2016 alihukumiwa kifungo cha miezi 15 kwa kosa la kibenki, lililotokana na fedha alizokuwa akimlipa mtu aliyemdhulumu kingono zamani akiwa mwanafunzi wake, ili anyamaze. Mahakamani alikiri kuwatendea vibaya baadhi ya wanafunzi. Kesi ya udhalilishaji wenyewe haikuwezekana tena, kwa kuwa muda wa kisheria ulikuwa umepita.

La tatu linahusu rangi yetu. Desemba 2018, huko New Jersey, mwamuzi alimwambia kijana mweusi wa miaka 16 akatwe rasta zake pale pale ukumbini au apoteze mechi. Zikakatwa mbele ya watu. Kijana akaingia, akashinda, lakini uso wake haukuwa wa mshindi. Mwamuzi alisimamishwa kwa miaka 2, na Desemba 2019 jimbo hilo likapitisha sheria inayokataza ubaguzi kwa sababu ya nywele.

Ukuta wa makaratasi

Kwa sisi wa Afrika Kusini kuna jambo moja zaidi. Kijana anaweza kufanya vizuri mpaka ngazi ya mkoa, halafu akaulizwa kitambulisho.

Kuhusu shule yenyewe, Mahakama Kuu ya Makhanda iliamua Desemba 2019 kwamba mtoto asinyimwe elimu ya msingi kwa kukosa makaratasi. Kuhusu uraia, sheria iliyorekebishwa inampa mtoto aliyezaliwa hapa na wazazi wa kigeni haki ya kuuomba akifika miaka 18, ikiwa ameishi hapa tangu kuzaliwa na kuzaliwa kwake kumesajiliwa. Mahakama ya Rufaa iliithibitisha haki hiyo Novemba 2018. Neno la kushika ni "kumesajiliwa". Mzazi, cheti cha kuzaliwa cha mwanao kina thamani kuliko medali yake.

Na hata asiye na uraia hana sababu ya kukata tamaa. Timu ya Wakimbizi ilikuwa na mwanamieleka Aker Al Obaidi, mzaliwa wa Iraq, katika Tokyo. Paris mwaka 2024 ilikuwa na wanamieleka wawili wazaliwa wa Iran. Huko Paris pia bondia Cindy Ngamba, mzaliwa wa Cameroon, aliipa timu hiyo medali yake ya kwanza, ya shaba.

Maswali ya kumuuliza kocha

Basi mzazi, kabla ya kutia sahihi fomu ya shule au ya klabu, nenda ukamwone kocha. Usione haya kwa sababu ya Kiingereza chako.

Muulize mtoto akishindwa hufanywa nini. Muulize nani anasimamia uzito wa watoto, na kama ni ruhusa kujinyima maji. Muulize kama mazoezi yako wazi kwa wazazi kutazama, na nani anakuwa na watoto chumba cha kubadilishia nguo na safarini. Muulize kama mikeka husafishwa kwa dawa, maana magonjwa ya ngozi husambaa haraka katika mchezo huu. Muulize pia kama anatazama maendeleo ya masomo. Kocha mzuri atafurahi kuulizwa. Akikasirika, umeshapata jibu.

Ukiridhika, mpeleke. Siku ya mechi yake ya kwanza omba ruhusa kazini ukakae ukumbini. Huenda atashindwa, kwa kuwa wanaoanza wengi hushindwa. Usimkaripie njiani wala usimfananishe na mtoto wa jirani. Mpe maji, rudini nyumbani mle, na kesho yake umwamshe aende mazoezini.