Utelezi wa Bahari na Haki ya Mtenda Kazi

Mtu apitaye pwani wakati maji yamekupwa huona utando wa kijani au wa kahawia ulioshika mawe. Hujihadhari asiteleze, kisha huenda zake. Nani angedhani kwamba katika utelezi wa namna hiyo mwaweza kupatikana dawa ya kuokoa roho ya mtu? Lakini ndivyo ilivyo, na habari hii ina funzo kwa kila mfanyakazi.

Mwaka 1972 wataalamu wa Profesa George Pettit, wa Chuo Kikuu cha Arizona State huko Marekani, walikusanya konokono wa baharini aitwaye Dolabella auricularia karibu na kisiwa cha Morisi, katika Bahari hii yetu ya Hindi. Ndani yake walipata sumu kali izuiayo chembe za kansa kugawanyika. Kazi haikuwa nyepesi. Tani nzima ya konokono ilitoa sumu isiyojaza hata ncha ya kijiko, na umbo lake lilitangazwa mwaka 1987, baada ya miaka 15. Wakaiita dolastatini 10, kwa jina la konokono.

Sifa zote zikamwendea konokono, mpaka mwaka 2001, wataalamu wengine walipoipata sumu ile ile katika sianobakteria wa visiwa vya Palau, Bahari ya Pasifiki. Hivi ni vijidudu vidogo mno, vijitengenezeavyo chakula kwa mwanga wa jua kama yafanyavyo majani, na mara nyingi ndivyo vifanyavyo utando ule wa mawe. Haviwezi kukimbia adui. Silaha yao ni sumu. Kumbe konokono alikuwa mlaji tu: alikula jasho la wengine, akapewa jina.

Sumu yenyewe ilipojaribiwa kwa wagonjwa haikufaulu. Wataalamu hawakukata tamaa. Waliibadili kidogo, wakaifunga kwenye kingamwili iitafutayo chembe zenye ugonjwa. Mwaka 2011 Marekani iliiruhusu dawa hiyo, brentuximab vedotin, itumike kutibu kansa ya tezi iitwayo Hodgkin.

Sasa twauliza: je, mwenye pwani hupata nini? Mwaka 1972 hapakuwa na mkataba wa mataifa uliomtaka mchukuaji agawane naye faida. Mkataba wa Nagoya, uliofanywa mwaka 2010 na kuanza kutumika mwaka 2014, wamtaka mchukuaji aombe ruhusa kwanza, kisha faida igawanywe kwa haki. Hilo ni jema, lakini karatasi peke yake hailindi pwani. Hatuna budi kuwasomesha vijana wetu elimu ya bahari, kuwapa maabara, na kuandika kila kitolewacho majini na kiendako.

Hatusemi mlango ufungwe, maana ugonjwa hauna taifa. Twasema tu kwamba mchumia juani naye apate kula kivulini.